Nani mfalme halisi wa Kombe la Chalenji, na kwa nini Uganda imetuacha mbali kiasi hiki?

#1 Kipenga cha Zamani

Habari zenu wadau. Nimepitia orodha ya mabingwa wa Kombe la Chalenji la CECAFA, chama cha soka cha Afrika Mashariki na Kati, kuanzia 1973 hadi 2019, na hesabu yake inanisumbua. Katika michuano 40 iliyochezwa kipindi hicho, Uganda imetwaa kombe mara 15. Kenya inafuata kwa mbali ikiwa na mara 7, Ethiopia mara 4, kisha Tanzania Bara, Malawi na Sudan mara 3 kila moja. Zambia ina mawili, na Zimbabwe, Zanzibar na Rwanda zina moja moja.

Nchi yenye watu wachache kuliko Tanzania, Kenya na Ethiopia inawezaje kuwa na makombe mengi kuliko Kenya, Ethiopia na Tanzania Bara zikijumlishwa pamoja? Dai langu ni kwamba siri yao haiko kwenye vipaji, bali kwenye mazoea ya kushindana yaliyojengeka tangu enzi za Kombe la Gossage, mtangulizi wa Chalenji lililoanza 1926, wakati wengi wetu tulikuwa hatujaalikwa hata kutazama. Mwenye maelezo bora ayalete.

#2 Mwalimu Takwimu

Mleta mada, asante kwa hesabu nzuri, ila mwaka wa kuanzia una walakini. Jina la Chalenji halikuzaliwa 1973. Kombe la Gossage lilichezwa hadi 1966, na kuanzia 1967 likafuatiwa na Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, ambalo Kenya ililitwaa 1967 na 1971, na Uganda ikalitwaa mara tatu mfululizo kati ya 1968 na 1970. Kilichotokea 1973 ni kuundwa kwa CECAFA, ambayo iliyachukua mashindano hayo na kuyasimamia. Kwa hiyo anayehesabu kuanzia 1973 anahesabu umri wa chama, wala si umri wa kombe.

#3 Shamba la Bibi

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Uganda wanashinda kwa sababu wanaandaa. Walishinda kwao 1973, wakashinda kwao 2000, 2008, 2012 na 2019. Uwanja wa nyumbani, mashabiki wa nyumbani, chakula cha nyumbani, na waamuzi ambao, hata kama ni waadilifu, wana masikio yanayosikia kelele za jukwaani. Mngetupa sisi nafasi ya kuandaa mara nyingi namna hiyo, leo tungekuwa tunazungumza lugha nyingine.

#4 Mwalimu Takwimu

Ndugu Shamba la Bibi, ulizotaja ni tano tu kati ya kumi na tano. Kumi zilizobaki walizitwaa ugenini: Zanzibar 1976 na 1990, Mogadishu 1977, Nairobi 1989 na 2009, Tanzania 1992, Sudan 1996 na 2003, Dar es Salaam 2011 na Addis Ababa 2015. Na kuna mara nne walizoandaa wakalikosa kombe. Mwaka 1982 Kenya iliwashinda kwa mikwaju ya penalti katika fainali, 1984 na 1991 Zambia ikaondoka na kombe, na 1995 Zanzibar ikafanya maajabu ambayo nina hakika mtu wa Visiwani atakuja kuyasimulia muda si mrefu.

Kuhusu kunyimwa nafasi, Tanzania Bara imeandaa 1974, 1981, 1992, 2002, 2007, 2010 na 2011. Katika hizo saba tulishinda mbili, yaani 1974 na 2010. Kombe letu la tatu, la 1994, tulilichukua Nairobi kwa kuwafunga hao hao Waganda kwa penalti. Uwanja wa nyumbani kwetu umekuwa mzigo zaidi kuliko msaada.

#5 Mtoto wa Jinja

Nawasalimu kutoka Uganda. Nashukuru kwamba angalau kwenye uzi huu mnakubali kuwa tunaongoza, kwa sababu nimeshiriki mijadala ambayo hata hilo lilikuwa na ubishi.

Maelezo yangu ni shule. Mpira wa miguu uliingia Uganda kupitia wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na shule za misheni zikaufanya sehemu ya ratiba, sawa na sala na hesabu. Mashindano ya shule za sekondari kwetu yana watazamaji, yana magazeti yanayoyaandika, na klabu hupeleka watu wa kuangalia wachezaji. Kijana akifika timu ya taifa, ameshazoea kucheza mechi ya mtoano mbele ya umati. Chalenji ni mashindano ya wiki mbili au tatu yenye mechi zinazofuatana kwa karibu, na huo ndio mpira tunaolelewa nao tangu shuleni.

#6 Nyumbu wa Mara

Mimi nacheka tu. Kombe lilianzishwa na mtengeneza sabuni, bwana Gossage, aliyekuja Nairobi akaona vijana wanacheza wamejaa vumbi, akatoa kombe ili sabuni yake inunuliwe. Waganda waliogea sana sabuni hiyo ndiyo maana wanateleza hadi fainali.

#7 Mwalimu Takwimu

Mkuu Nyumbu, la utani nimelipokea, lakini William Gossage hakuja Nairobi kutazama mpira. Alikuwa mkemia na mtengenezaji wa sabuni katika mji wa Widnes, Uingereza, na alifariki 1877, karibu nusu karne kabla ya mechi ya kwanza, wakati ambapo hata mji wenyewe wa Nairobi haukuwapo. Kilichotoa kombe ni kampuni iliyobeba jina lake. Mwanzoni lilikuwa pambano la Kenya na Uganda peke yao. Tanganyika ilijiunga 1945, na Zanzibar ikafuata baadaye katika muongo huo huo wa 1940. Tanganyika haikukaa sana bila kuonja, maana ililitwaa mara tatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951, kisha tena 1964 na 1965.

Ukweli huo unaligusa dai la mleta mada moja kwa moja. Ikiwa mgeni wa 1945 aliweza kuwa bingwa mara tatu mfululizo ndani ya miaka sita, basi mazoea si kila kitu.

#8 Jirani wa Machakos

Naongezea hapo hapo kwa Mwalimu. Kenya ilianza siku moja na Uganda, na bingwa wa kwanza wa 1926 ni Kenya. Kama mazoea ndiyo yanayoleta makombe, basi sisi na Waganda tungekuwa tunagawana nusu kwa nusu hadi leo. Kwa nini wao wana 15 na sisi 7?

Halafu msitusahau. Hakuna timu nyingine tangu CECAFA iundwe iliyotwaa kombe hili mara tatu mfululizo isipokuwa timu yetu ya taifa, Harambee Stars ya kocha Marshall Mulwa, 1981, 1982 na 1983. La 1981 tulilichukua Dar es Salaam kwa kuwafunga wenyeji 1-0, la 1982 tukalichukua Kampala dhidi ya wenyeji kwa penalti, na la 1983 tukalimalizia nyumbani kwa kuifunga Zimbabwe 1-0. Langoni alisimama Mahmoud Abbas, yule waliyemwita Kenya One. Uganda wenye makombe 15 hawajawahi kufikisha matatu mfululizo katika kipindi hicho. Walifikisha mawili mara nne: 1976 na 1977, 1989 na 1990, 2008 na 2009, kisha 2011 na 2012.

#9 Mtoto wa Jinja

Jirani, ukirudi kwenye bandiko namba 2 utaona tulishinda matatu mfululizo 1968 hadi 1970. Ninyi mnaihesabu 1967 yenu mkitaka, na mnaisahau 1968 yetu mkitaka.

#10 Kipenga cha Zamani

Uzi umepata moto, nashukuru. Nataka kuingiza hoja ambayo wazee wengi huitaja: kwamba nguvu ya Uganda ya miaka ya 1970 ilitokana na Idi Amin, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa bingwa wa ngumi na alipenda timu ya taifa ishinde kwa gharama yoyote. Walitwaa Chalenji 1973, 1976 na 1977, na Machi 1978, chini ya kocha Peter Okee, nahodha akiwa Jimmy Kirunda, walifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra. Walifungwa na Ghana 2-0, lakini Philip Omondi alimaliza miongoni mwa wafungaji bora. Hadi leo hakuna timu nyingine ya Kenya, Uganda au Tanzania iliyofika fainali hiyo.

#11 Mama Kandanda

Hoja ya Amin inasikika vizuri mpaka uihesabu. Utawala wake ulianguka Aprili 1979. Kama alikuwa chanzo, makombe yangekoma pale. Ni kweli yalikoma, maana kati ya 1977 na 1989 Uganda haikutwaa hata moja, na hapo watu husema, mnaona? Lakini kati ya 1989 na 2019 wametwaa kumi na mawili, chini ya serikali ambayo haina sifa ya kumwaga fedha kwenye mpira kwa namna ile. Kwa hiyo Amin anaweza kueleza makombe matatu, na vita vilivyofuata vinaweza kueleza ukame wa miaka kumi na miwili, lakini kumi na mawili yaliyobaki yanahitaji maelezo yake. Nami sipendi maelezo yanayomfanya dikteta kuwa kocha bora wa ukanda.

#12 Kipenga cha Zamani

Mama Kandanda, shikamoo. Sikusema alikuwa kocha bora, nimesema alitoa fedha. Wachezaji wa wakati ule wenyewe wamesimulia zawadi na safari alizowapa.

#13 Mama Kandanda

Marahaba. Na wapo pia waliosimulia hofu ya kurudi nyumbani baada ya kufungwa. Tuyaweke yote mezani.

#14 Beki wa Pembeni

Mimi nilicheza ligi ya mkoa Mwanza kabla goti halijanistaafisha, kwa hiyo naangalia jambo hili kwa jicho la klabu. Timu ya taifa ya ukanda wetu huwa na nguvu pale klabu moja au mbili za nchi hiyo zinapokuwa na nguvu kwa pamoja, kwa sababu wachezaji karibu wote wanatoka ligi ya ndani na wanajuana. Tazameni Uganda ya 1989, 1990 na 1992. Huo ndio wakati wa SC Villa, iliyofika fainali ya klabu bingwa Afrika 1991 ikafungwa na Club Africain ya Tunisia. Majid Musisi na wenzake waliingia Chalenji wakiwa wametoka kupambana na Waarabu. Tazameni na sisi: Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF (shirikisho la soka la Afrika) 1993 dhidi ya Stella Abidjan, na mwaka uliofuata Tanzania ikatwaa Chalenji Nairobi. Je, hiyo ni bahati tu?

#15 Jirani wa Machakos

Mkuu Beki, nimeipenda hoja yako, ila inagonga mwamba kwetu. Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika 1987 dhidi ya Espérance, na hakuna klabu nyingine ya Kenya, Uganda au Tanzania iliyowahi kufanya hivyo. Kwa mujibu wa hesabu yako, Kenya ilipaswa kutawala Chalenji ya 1987, 1988 na 1989. Badala yake 1987 walichukua Ethiopia, 1988 Malawi, na 1989 Uganda wakaja kulichukua Nairobi mbele ya macho yetu. Kati ya 1983 na 2002 hatukushika kombe hilo hata mara moja. Klabu bora tuliyowahi kuwa nayo haikutusaidia chochote.

#16 Beki wa Pembeni

Hilo la Gor nalikubali kuwa gumu, lakini labda linaonyesha kwamba klabu yenye nguvu inahitaji shirikisho lililotulia. Kenya imefungiwa na FIFA 2004, 2006 na 2022, yote kwa sababu ya migogoro ya uongozi au serikali kuingilia. Uganda nao wana migogoro yao, lakini haijawafikisha huko mara nyingi namna hiyo.

#17 Jirani wa Machakos

Kufungiwa kwote huko kumekuja baada ya 2002, na ukame wangu niliousema uliisha 2002. Dawa inakuja baada ya mgonjwa kupona.

#18 Mkunazini

Assalam aleikum. Mwalimu Takwimu alibashiri nitakuja, nami sikutaka kumwangusha.

Hakuna aliyetaja kwamba Tanzania ndiyo nchi pekee inayoingia mashindano haya ikiwa imekatwa vipande viwili. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika tunacheza pamoja kama Taifa Stars, lakini kwenye Chalenji Bara wana Kilimanjaro Stars na sisi tuna Zanzibar Heroes. Wachezaji ambao wangekuwa upande mmoja wanakutana uwanjani wakipigana teke. Mnashangaa Tanzania kuwa na makombe matatu, nami nawaambia ni manne, ila moja liko Unguja.

Hilo moja ni la 1995, lililopatikana Kampala. Nililisikiliza redioni nikiwa kijana, na mtaa mzima ulikuwa umejazana kwenye baraza moja kwa sababu redio nyingine zote betri zilikuwa zimelala. Zanzibar 1-0, na kombe likavuka bahari. Watu wenye idadi ndogo kuliko wilaya za Dar es Salaam walimpokonya mfalme kiti ndani ya nyumba yake. Mwenye nadharia ya shule, ya klabu au ya Amin anieleze hilo.

#19 Shamba la Bibi

Mzee Mkunazini, kipande chenu kinapata kombe moja kwa miaka arobaini na kitu, na bado mnadai ndicho kinachotupunguzia nguvu sisi. Mngekuja wote Bara mngetuongezea kiungo mmoja na lawama kumi.

#20 Mkunazini

Kijana, Desemba 2017 kule Kenya tuliwafunga 2-1 kwenye kundi. Kiungo huyo mmoja mngemhitaji siku ile. Tukawafunga Rwanda 3-1, nusu fainali tukamtoa Uganda, aliyekuwa bingwa mtetezi, 2-1, na fainali pale Machakos tulimshikilia mwenyeji 2-2 hadi muda wa nyongeza ukaisha. Timu ya Hemed Suleiman, maarufu Morocco, haikufungwa na Kenya ndani ya dakika 120.

Na kumbukeni mwaka ule tulikuwa na kidonda kibichi. CAF ilitupa uanachama kamili mwezi Machi 2017, ikauondoa Julai mwaka huo huo kwa hoja kwamba haikuwezekana nchi moja kuwa na vyama viwili. Vijana walikwenda Kenya kuthibitisha jambo.

#21 Jirani wa Machakos

Mzee wangu, nilikuwa uwanjani siku hiyo. Naungama kwamba dakika za mwisho za muda wa nyongeza mashabiki wengi wa Kenya waliokuwa karibu nami walinyamaza, na Wazanzibari wachache waliokuwapo ndio waliokuwa wanaimba. Kilichotuokoa ni kipa Patrick Matasi, aliyepangua mikwaju mitatu, tukashinda matuta 3-2. Hata kocha wetu Paul Put alionekana mtu aliyetoka kwenye ajali salama.

#22 Binti Nyarugenge

Muraho. Ninyi mnagombea kwa nini Uganda inashinda. Sisi Wanyarwanda tuna swali letu chungu zaidi: kwa nini tunafika fainali na kurudi mikono mitupu? Hesabuni nami. Tulifungwa fainali 2003 na Uganda, 2005 na Ethiopia tena Kigali, 2007 na Sudan kwa penalti, 2009 na Uganda, 2011 na Uganda kwa penalti, 2015 na Uganda. Ni fainali sita, zote katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, na nne kati yake dhidi ya jirani yule yule.

Kombe letu pekee ni la 1999, tulipokuwa wenyeji, na utani wenyewe ni kwamba lilitwaliwa na timu yetu ya B. Iliifunga Kenya 3-1 katika fainali. Kwa hiyo maelezo yangu kuhusu Uganda ni mepesi: wanashinda kwa sababu sisi tunafika fainali.

#23 Nyumbu wa Mara

Dada, peleka timu B kila mwaka. Tatizo limekwisha.

#24 Mwalimu Takwimu

Hoja ya Binti Nyarugenge ni ya mzaha lakini ina mbegu ndani yake. Makombe manne ya Uganda ya 2008, 2009, 2011 na 2012 yalipatikana chini ya kocha mmoja, Bobby Williamson, raia wa Scotland, aliyekaa na timu kuanzia 2008 hadi 2013. Kisha Milutin Sredojević, maarufu Micho, akalitwaa 2015, na Johnathan McKinstry akalitwaa 2019. Katika kipindi hicho majirani walibadilisha makocha kila walipofungwa mechi mbili. Mimi naamini utulivu wa benchi la ufundi unaeleza mengi kuliko shule za misheni, angalau kwa karne hii.

#25 Mtoto wa Jinja

Mwalimu, unatupokonya sifa unampa Mskochi. Alikuta wachezaji waliokwisha lelewa na hizo hizo shule. Na miaka ya 1989, 1990 na 1992 Williamson hakuwapo.

#26 Mchumi wa Posta

Niwe mkweli: hili kombe wengine hatujali, na hilo ndilo jibu. Chalenji huchezwa nje ya kalenda ya FIFA, hivyo klabu za Ulaya na Uarabuni hazilazimiki kuwaachia wachezaji. Kila nchi inapeleka ilichonacho nyumbani. Kwetu, mashabiki wa Simba na Yanga huanza kulalamika kwamba ligi imesimamishwa, viongozi wa klabu wanalia kwamba wachezaji wao watarudi na majeraha, na kocha wa taifa anaitwa majina. Uganda wanapeleka timu kwa moyo mmoja kwa sababu mchezaji wao anajua huko ndiko mawakala wa klabu za Tanzania na Kenya wanakotazama. Kwao ni soko la ajira. Kwetu ni usumbufu wa Desemba.

#27 Mama Kandanda

Mchumi, hii ndiyo hoja ya kwanza iliyonifanya nisimame na kufikiri. Ligi ya Tanzania imejaa Waganda kwa miaka mingi, na wengi wao majina yao yalisikika kwanza Chalenji. Lakini hoja hiyo inaeleza miaka ya karibuni tu. Mwaka 1976 hakuna mchezaji wa Uganda aliyekwenda Zanzibar kutafuta mkataba wa klabu ya Dar es Salaam.

Na ukisema hatujali, utaeleza vipi umati wa 2010? Uwanja wa Taifa ulifurika siku tulipoifunga Côte d'Ivoire 1-0 kwa penalti ya Shadrack Nsajigwa, tukiwa na kocha Jan Poulsen. Watu walijali sana.

#28 Jirani wa Machakos

Shikamoo Mama Kandanda. Ile fainali ya 2010 imekuwa ikinichekesha siku zote. Kombe la Afrika Mashariki na Kati, na fainali inachezwa na Côte d'Ivoire. Timu mwalikwa, yenye wachezaji wa ligi ya ndani tu. Wangewafunga, kombe lingekwenda wapi? Abidjan?

#29 Mwalimu Takwimu

Jibu lipo katika historia, Jirani. Mwaka 2006 kule Ethiopia, Zambia ilialikwa ikiwa tayari ni ya COSAFA, chama cha soka cha Kusini mwa Afrika, ikafika fainali, ikatoka sare ya 0-0 na Sudan na ikashinda kwa penalti. Kwa kuwa Zambia ilikuwa mgeni tu, ubingwa walipewa Sudan. Kwa hiyo katika hesabu ya mleta mada pale juu, Sudan wana matatu kwa sababu moja walilipata baada ya kushindwa. Ukiwahesabia Zambia kile walichokishinda uwanjani, wao ndio wana matatu na Sudan wana mawili.

#30 Shamba la Bibi

Bingwa aliyefungwa fainali! Halafu mnaniambia mimi nazungumzia waamuzi.

#31 Nyumbu wa Mara

Jina la kombe nalo limesafiri. Lilianza na sabuni. Likaja kubeba jina la tajiri Al Amoudi 2005 na 2006. Kuanzia 2010 hadi 2012 likawa la bia ya Tusker. Mwaka 2013, Kenya walipolitwaa kwa kuifunga Sudan 2-0 siku ya Jamhuri, likawa la king'amuzi cha GOtv. Mtu aoge, atajirike, anywe, kisha alale mbele ya televisheni. Maisha kamili ya mwanamume wa ukanda huu.

#32 Mama Kandanda

Na mfadhili akikosekana, kombe nalo linakosekana. Halikuchezwa 2014 baada ya Ethiopia kujitoa kuandaa, halikuchezwa 2016, halikuchezwa 2018. Mashindano yenye mizizi ya 1926, yaliyoanza kabla ya Kombe la Dunia lenyewe, yanaendeshwa kwa kuvizia nani ana hela mwaka huu.

#33 Kipenga cha Zamani

Nimeyasoma yote kwa makini. Nilikuja na mazoea, nimepewa shule, fedha za Amin, klabu, makocha, soko la ajira, mgawanyiko wa Tanzania na Wanyarwanda wanaofika fainali. Kwangu bado Gossage ina uzito, maana miaka ya 1930 Uganda ilikuwa imeshaitawala, kabla hakujawa na Villa, Amin wala Williamson. Lakini nina swali moja kwa Mwalimu Takwimu: michuano ya 2021 tuiweke wapi? Ilichezwa Ethiopia kwa timu za vijana chini ya miaka 23, Tanzania ikatwaa kwa penalti dhidi ya Burundi. Kuna wanaosema Bara sasa ina makombe manne.

#34 Mwalimu Takwimu

Siihesabu. Chalenji ni mashindano ya timu za wakubwa, na ile ilikuwa ya umri uliowekewa mpaka. Ukiihesabu hiyo, itabidi uhesabu na mengine ya vijana.

#35 Shamba la Bibi

Rwanda B wa 1999 wanahesabiwa. Sudan waliofungwa 2006 wanahesabiwa. Vijana wetu waliopigana wakashinda ndio hawahesabiwi? Basi mimi naandika manne.

#36 Mkunazini

Andika manne, na la 1995 liwe la tano.

#37 Shamba la Bibi

La 1995 si letu, Mzee. Mlishasema mko peke yenu.

#38 Mtoto wa Jinja

Hata mkiyajumlisha yote, pamoja na matano ya Tanganyika ya enzi za Gossage, mnafika kumi. Bado mna kazi.